Plagi ya gari la nitro ukiwa usawa wa bahari

Gari la rimoti la nitro, lile lenye injini ndogo inayokula methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili, likikataa kushika sailensa (mwendo wa chini wa injini, gari likiwa limesimama), mkono hukimbilia plagi. Inafunguliwa, inajaribiwa, inawaka, inarudishwa. Dakika kumi baadaye imefunguliwa tena. Mara nyingi plagi hiyo haijafa. Ni nzima, ila si ya injini ile, au si ya mafuta yale, au si ya joto la siku ile. Kwa aliye Mtwara au Lindi kosa hilo linauma zaidi, maana plagi hizi huzikuti kwenye duka la vipuri vya bodaboda. Zinaagizwa, na aliyeagiza namba isiyofaa amesubiri kifurushi cha bure.

Fundi wa dizeli ataielewa upesi, kwa sababu ni ndugu ya hita plagi anazozijua kwenye pikapu. Nami hapa nitaiita plagi tu. Undugu wao lakini hauendi mbali. Hita ya dizeli hula umeme wa betri wakati wa kuwasha tu, kisha mgandamizo unamaliza kazi. Plagi ya pikipiki nayo hupiga cheche kwa saa iliyopangwa. Hii ya nitro haina cheche. Ndani ya tundu lake mna waya wa platinamu, mara nyingi iliyochanganywa na iridiamu au rodiamu, mwembamba kama mshipi wa kuvulia samaki wadogo, uliozungushwa mfano wa springi ya kalamu. Unaupa volti 1.2 hadi 1.5 mpaka uwe mwekundu, unavuta kamba, injini inaitika, unaondoa betri. Waya unaendelea kuwaka wenyewe.

Kinachouwasha ni methanoli. Mvuke wake ukigusa platinamu yenye moto huungana na oksijeni palepale juu ya uso wa waya na kutoa joto. Joto hilo, likijumlishwa na la mlipuko uliopita na la hewa kugandamizwa, linautunza waya hadi mzunguko unaofuata. Ndiyo maana petroli iliyochanganywa na oili ya 2T haiendeshi injini hii, hata fundi wa boti wa Mikindani akikuapia kwamba stroki mbili ni stroki mbili tu. Petroli haina urafiki huo na platinamu. Tena gramu 1 ya methanoli hutaka hewa gramu 6.4 hivi, wakati petroli hutaka karibu 14.7, kwa hiyo kabureta yenyewe imetobolewa kwa hesabu nyingine kabisa. Spiriti ya dukani nayo iache dukani. Ina maji ndani yake, na si methanoli.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa kuwa hakuna cheche ya kusema "sasa", moto huanza pale joto la waya na mgandamizo vinapokutana. Waya ulio moto zaidi huwasha mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Waya wa baridi huchelewesha. Kwa hiyo ukichagua plagi unapanga taimingi ya injini, na taimingi hiyo huwezi kuigeuza kwa bisibisi. Anayesema "plagi ni plagi, bora iwake" hajaona pistoni iliyochongwa kama imeliwa na panya.

Plagi ya moto, plagi ya kati, plagi ya baridi: hayo ndiyo madaraja. Tofauti iko kwenye unene wa waya, mchanganyiko wa chuma chake na nafasi iliyouzunguka, yaani ni kiasi gani cha joto kinakimbilia kwenye mwili wa plagi na kiasi gani kinabaki. Waya mnene hupoa upesi na huvumilia kipigo. Mwembamba hutunza joto lakini hukatika mapema.

Injini ndogo hupoteza joto haraka, hivyo hutaka plagi ya moto kidogo. Injini ya 0.12 (hizo ni inchi za ujazo), ambayo ni kama sentimita 2.1 za ujazo, na ya 0.15 yenye 2.5, zikitumia mafuta ya nitro asilimia 16 hadi 20, huenda vizuri na plagi ya kati au ya moto. Ya 0.18, karibu sentimita 3, anza na ya kati. Ya 0.21 yenye sentimita 3.5, ile ya magari ya kipimo cha 1/8, ikinywa asilimia 25 hadi 30, hutaka ya kati au ya baridi. Nitro ikiongezeka, plagi ipoe, kwa sababu nitromethani hubeba oksijeni ndani yake na huharakisha moto. Mgandamizo ukiwa mkubwa, vilevile plagi ipoe. Ukipandisha nitro kutoka asilimia 20 hadi 30, hata kabla ya kugusa plagi fikiria kuongeza shimu moja (pete nyembamba ya chuma) ya milimita 0.1 chini ya kichwa cha silinda ili kupunguza mgandamizo. Wengi huruka hatua hii kisha wanailaumu plagi.

Namba zilizoandikwa kwenye pakiti ni mtego. Kwenye familia ya P ya kampuni ya O.S., kadiri namba inavyopanda ndivyo plagi inavyokuwa baridi: P3 ni ya moto, P8 ni ya baridi. Rossi nao wanapanda hivyohivyo na herufi R. Lakini O.S. No. 8 ya kawaida ni ya kati, wala haina udugu na P8. Usilinganishe namba ya kampuni moja na ya nyingine; soma maelezo ya joto.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi ya huo, nao ni umbo. Plagi za kawaida zina uzi wa inchi 1/4 wenye meno 32 kwa inchi, na hukaa juu ya washa (pete) ya shaba. Plagi za tabo (turbo) zina uzi wa milimita 8 wenye hatua ya 0.75, mdomo wa chini umechongwa kama pia ya kuchezea watoto, na hazitumii washa kabisa: chuma kinakaa juu ya chuma. Zinaziba vizuri na uso wa ndani unakuwa laini, ndiyo maana injini za mashindano huzipenda. Haziingiliani. Ukilazimisha ya tabo kwenye kichwa cha kawaida, uzi wa alumini unakwisha, na kichwa kipya ni oda nyingine. Kabla ya kuagiza, toa ya zamani uitazame mdomo: kama ina bega bapa na washa, ni ya kawaida, kama ina mteremko, ni ya tabo. Kazi ya sekunde tano.

Hali ya hewa ya kwetu ina mambo yake. Miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, joto la mchana Mtwara hupita nyuzi 30 na unyevu unakaa juu. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mvuke wa maji umechukua kama asilimia 3 ya hewa yote, na oksijeni imepungua kwa kiasi hichohicho. Injini inaona mafuta yamezidi, ingawa sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta, hukuigusa. Hapo watu wawili wanaweza kubishana kutwa pale Shangani, mmoja akisema siku ya joto inataka plagi ya baridi, mwingine akisema injini inalemewa, inataka ya moto. Wote wana nusu ya ukweli. Kwangu mimi jibu ni kubaki na ya kati na kufunga kidogo sindano kubwa, ile ya mwendo wa kasi, robo ya robo ya mzunguko kwa wakati, ukingoja mzunguko mmoja au miwili wa uwanja kabla ya kugusa tena. Wakati wa kusi, Juni na Julai, asubuhi kuna ubaridi na hewa ni nzito. Fungua sindano kidogo. Injini ya 0.12 inayozimika-zimika asubuhi hizo ndiyo inastahili plagi ya moto.

Ukipanda Newala mambo yanageuka. Kila mita 100 unazopanda, hewa inapungua uzito kwa asilimia 1 hivi. Gari lililotuniwa ufukweni Lindi likifika juu ya uwanda wa Makonde litatoa moshi mwingi na kujikokota, maana hewa imepungua na mafuta ni yaleyale. Funga sindano kwanza. Ikikaa sawa kwenye mwendo lakini sailensa bado inayumba, panda daraja moja la joto. Ukishuka rudisha vyote viwili, tena uanze na sindano. Kushuka na sindano iliyofungwa kwa ajili ya Newala ndiyo njia ya mkato ya kuunguza injini, kwa kuwa huku chini hewa ni nyingi na mafuta yatakuwa hayatoshi.

Utajuaje kwamba daraja si lake? Kwanza pasha injini moto. Kichwa cha silinda kinapaswa kuwa kati ya nyuzi 95 na 125 hivi, ukipima kwa bunduki ya joto karibu kabisa na plagi. Asiye na bunduki adondoshe tone la maji juu ya kichwa: likichemka na kukauka kwa sekunde 3 hadi 5, ni sawa; likiruka na kutoweka mara moja, injini imeungua au iko njiani; likikaa tu kama umande, mafuta yamezidi. Bila hatua hii majaribio mengine yote ni kubahatisha.

Injini ikiwa na joto lake, acha sailensa, kisha ondoa betri ya plagi. Mlio ukishuka papo hapo, au injini ikizima, plagi ni baridi mno, au sindano ya chini, ile ya sailensa, imefunguliwa mno. Funga sindano ya chini kidogo na urudie. Mlio ukiendelea kushuka, ni plagi. Dalili nyingine ya ubaridi ni pale gari linapotoka kwenye mbio ndefu na kurudi sailensa: linasita, linapiga misi, linazima, au ukiligusa trigari linajivuta kabla ya kuondoka.

Plagi ya moto mno husikika. Kwenye mwendo wa juu, chini ya mlio wa kawaida, kuna sauti ya kukaanga, kama korosho zikiwa kwenye kikaango. Huo ni moto unaowahi. Nguvu inapotea juu kabisa, pale ulipotarajia gari liruke, joto linapanda, na plagi zinakatika moja baada ya nyingine. Mafuta kidogo mno hutoa sauti hiyohiyo. Basi fungua sindano kubwa kwanza, sehemu ya 1/8 ya mzunguko. Ikitulia, plagi haikuwa na kosa. Isipotulia, shusha daraja moja. Daraja moja tu, kamwe si mawili, na usibadilishe plagi na sindano kwa pamoja, la sivyo hutajua kipi kilisaidia.

Sasa chukua simu, washa kamera, karibisha picha mpaka uone mizunguko ya waya. Hapa pana habari nyingi kuliko kwenye mlio. Waya unaong'aa, umelowa na umekaa kama ulivyotoka dukani: mafuta ni mengi, injini iko salama. Waya wa kijivu usiong'aa sana, bado umesimama kwenye mstari wake: hapo ndipo unapotaka. Mizunguko iliyopinda, imejisokota au imekandamizwa upande mmoja, na rangi imepauka: mafuta kidogo au mgandamizo mkubwa. Vidoa vya fedha vilivyomwagika kama pilipili manga juu ya mdomo wa plagi: hiyo ni alumini ya pistoni au ya kichwa, inayeyushwa na moto unaowahi. Simama. Usiweke plagi nyingine ukaendelea. Ukungu wa kahawia, mgumu, uliofunika waya: ni oili iliyoiva, hasa mafuta ya nyonyo, na platinamu iliyofunikwa haigusani na methanoli, hivyo plagi nzuri inajifanya ya baridi. Nyuzinyuzi za chuma zilizonasa kwenye waya ni habari mbaya ya beringi au konrodi (mkono wa pistoni), na hapo plagi ni mjumbe tu.

Waya uliokatika na kuacha kitone cha mviringo mwishoni umeyeyuka. Mara nyingi mkosaji ni betri. Plagi inataka volti 1.2 hadi 1.5, na inavuta ampia 2 hadi 3 au zaidi. Seli moja ya nikeli inayochajiwa, ile nene, ndiyo kipenzi chake. Betri kubwa moja ya redio nayo inaweza kwa muda mfupi, kisha inalegea. Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye taa za sola au kompyuta mpakato ni volti 3.2 hadi 3.7, zitaukata waya kabla hujavuta kamba. Chaja ya simu ni volti 5, betri ya bodaboda ni 12. Usizijaribu hata kwa "gusa-achia". Multimita haitakueleza ubora wa plagi, kwa sababu ukinzani wake hauifikii hata omu 1. Itakuambia tu kama waya umekatika au la. Kipimo cha kweli ni macho: shika plagi kwa koleo nje ya injini, unganisha betri, waya wote uwake rangi ya chungwa ndani ya sekunde chache. Mzunguko mmoja ukibaki mweusi, iweke kando. Na usijaribu karibu na mkebe wa mafuta. Moto wa methanoli juani hauonekani.

Kufunga plagi kunataka subira, hasa kwenye pwani yenye mchanga. Injini ipoe. Piga brashi kuzunguka kichwa, puliza, kisha ndiyo ufungue, maana chembe moja ya mchanga ikidondokea tunduni itachora silivu (ukuta wa silinda) kwa muda wote injini itakapoishi. Tumia spana ya boksi ya milimita 8. Ukiitoa, tazama kama washa ya zamani imeganda mle ndani. Washa mbili zikikaa pamoja zinainua plagi na kushusha mgandamizo, na utatafuta kosa kwenye kabureta wiki nzima. Ingiza plagi mpya kwa vidole tu, mizunguko mitatu au zaidi. Ikikataa, rudisha nyuma uanze upya. Ikigusa, ongeza robo mzunguko kwa spana. Inatosha, kichwa ni alumini. Kisha weka tone la oili kuzunguka shingo ya plagi na uwashe: mapovu yakitoka, gesi inavuja, na sailensa haitatulia hata ubadili plagi kumi.

Injini ikijaa mafuta na kamba ikakataa kuvutika, usilazimishe. Fungua plagi, pindua gari, vuta kamba polepole hadi mafuta yatoke yote, ndipo urudishe. Kimiminika hakigandamizwi, ukivuta kwa nguvu kinachopinda ni konrodi, au waya wa plagi unakandamizwa kama kopo lililokanyagwa.

Injini mpya ina desturi yake: vumbi la chuma la siku za kwanza hushika kwenye waya. Tumia plagi ya kati ya bei ya chini kwa mazoea ya mwanzo, kisha iondoe. Kuanza na plagi ya tabo ya gharama kubwa kwenye injini isiyozoea ni kuvaa viatu vipya kwenda shamba.

Kabla ya kuhukumu plagi yoyote, hakikisha mafuta yenyewe. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu haina uhaba wa maji. Mkebe ulioachwa nusu, kifuniko kikiwa kimelegea, kwa wiki kadhaa Mtwara, utatoa dalili zote za plagi ya baridi: kusita, kuzimika, sindano isiyokaa mahali. Nunua mikebe midogo, fungua mmoja kwa wakati, ufunge kila unapomimina, uweke gizani. Mafuta hayo usiyahamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Huku kwenye msimu wa mabibo chupa zisizo na lebo zenye kimiminika kikali huzunguka mikononi bila maswali, na methanoli inapofusha na kuua kwa kiasi kidogo. Kopo lake libaki na maandishi yake, juu, mbali na watoto.

Mwisho wa siku, chomoa mpira wa mafuta, acha injini imalize yaliyobaki, fungua plagi na udondoshe matone matano ya mafuta mepesi ya cherehani tunduni, uvute kamba mara kumi, kisha rudisha plagi ileile. Mabaki ya nitro hugeuka asidi, na kwa chumvi ya hewa ya baharini beringi zinaanza kutu haraka kuliko unavyodhani.

Ukiagiza kwa mara ya kwanza kwa injini ya 0.15 au 0.18 yenye kichwa cha kawaida, chukua nne: mbili za kati, moja ya moto, moja ya baridi, na pakiti ya washa za shaba. Kwa 0.21 ya tabo, mbili za kati na mbili za baridi. Ya moto iache hadi uwe na safari ya Newala. Andika kwa kalamu ya alama kwenye kikasha cha kila plagi ni tangi ngapi imeshakunywa na ilikuwa na sura gani ulipoitoa mara ya mwisho.